Nanunua tovuti ya muziki: je, nyimbo nazo zinakuwa zangu?

Ndugu washauri,

Hamjambo. Niko Arua, nina kaduka ka kuchapisha kadi na mabango, na nimeweka akiba nikitaka biashara ya pili. Kuna kaka mmoja wa Kampala anauza tovuti yake ya muziki. Wasikilizaji wake wengi ni wa West Nile na ng'ambo ya mpaka, Congo na Sudan Kusini. Ndani yake kuna nyimbo 640 za kupakua, video fupi 85 zenye muziki wa chinichini, redio ya mtandaoni inayopiga saa 24, na jingo ya utambulisho aliyotengenezewa na studio moja. Anasema matangazo ya Google yanamwingizia kama shilingi 600,000 kwa mwezi. Bei ni milioni 22, nusu nilipe wiki hii.

Nilipomuuliza kuhusu haki za nyimbo, alinitumia skrinishoti ya malipo ya mwezi kwenye maktaba ya muziki ya mtandaoni, jumbe za WhatsApp za wasanii wakimwambia aweke nyimbo zao, na akasema UPRS, chama cha mirabaha ya muziki, ameshalipa. Ameniambia, "Ukinunua tovuti, kila kilichomo ni chako." Je, ni kweli? Na nikikuta nyimbo hazina karatasi, nimkimbie au tuzungumze bei?

Mnunuzi, Arua

*

Dada, nusu hiyo usiilipe bado.

Alichokuambia si kweli. Anachoweza kukuuzia ni domeni (jina na anwani ya tovuti), faili za tovuti, muundo wake, makala alizoandika mwenyewe na picha alizopiga mwenyewe. Nyimbo zimo humo kwa mali kauli: zimewekwa dukani, mwenyewe yupo kwingine, na duka likibadilisha mkono yeye bado ni mwenyewe. Kila wimbo unataka karatasi yake, na karatasi hiyo lazima iseme kwamba ruhusa inaweza kupita kwa mmiliki mpya. Isiposema, hesabu kwamba ilikuwa ya kaka huyo peke yake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda, ya mwaka 2006, inazichukua haki za kiuchumi za kazi ya sanaa kama mali inayohamishika. Mwenyewe anaweza kuziuza, kuzitolea leseni au kuzirithisha, lakini kuzihamisha kunataka maandishi yenye saini yake au ya mtu aliyempa mamlaka. Mtunzi kutajwa jina ni haki isiyouzika kabisa, kwa hiyo hata wimbo ulioulipia vizuri lazima uendelee kumtaja. Na usikubali maneno ya "huu ni wa zamani". Ulinzi wa mtunzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, hivyo karibu kila wimbo unaochezwa leo kwenye harusi za Arua bado una mwenyewe, au una warithi. Nyimbo za Congo, Kenya na Tanzania nazo zinalindwa hapa.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa tovuti za muziki hawalijui, na ndilo linaloharibu mauzo. Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa studio. Mara nyingi hizi ziko mikononi mwa watu tofauti. Msanii ameandika maneno, prodyuza ametengeneza biti, na aliyelipia studio ni meneja au kaka wa msanii aliyeko ng'ambo. Ruhusa ya mmoja haiwafungi wengine. Ikiwa biti ilikodiwa mtandaoni kwa leseni ya bei ndogo, leseni hizo huweka kikomo cha idadi ya usikilizwaji au mauzo, na mara nyingi humruhusu msanii tu. Msanii hawezi kukupa wewe kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa.

Sasa jumbe za WhatsApp. Ujumbe wa kawaida wa namna hiyo husema hivi: "Sawa kaka, weka tu, unisaidie kusambaza." Usome polepole. Wimbo upi? Kusikiliza tu, au watu wapakue na kubaki nao? Pembeni mwa matangazo ya kulipwa? Hadi lini? Na "kaka" ni nani? Ni muuzaji, si wewe. Ujumbe huo unaweza kumsaidia yeye kuonyesha kwamba hakuiba. Wewe haukusaidii, na kwa kuwa hauna muda, msanii anaweza kukuandikia kesho kwamba ameibatilisha ruhusa.

Mrudishie muuzaji kazi hiyo, kwa sababu wasanii wanamjua yeye. Kwa kila msanii anayetaka kubaki, apate karatasi moja yenye majina halisi na ya jukwaani, orodha ya nyimbo, jina la aliyetunga, aliyetengeneza biti na aliyegharamia rekodi, matumizi yanayoruhusiwa yakitajwa moja moja, muda, malipo kama yapo, saini na tarehe. Kisha sentensi hii, neno kwa neno kama mtakavyokubaliana:

"Ruhusa hii inaihusu tovuti iliyotajwa hapo juu, na itaendelea kuwa halali kwa mmiliki yeyote atakayeinunua tovuti hiyo, mradi atumie nyimbo kwa namna iliyoelezwa hapa tu."

Kama prodyuza ana sehemu, naye asaini karatasi hiyohiyo. Picha ya karatasi iliyosainiwa ikitumwa kwa simu inafaa kuanzia kazi, ila chukua na ya asili.

Hiyo ndiyo sehemu nzito. Nyimbo 640 haziwezi kukaguliwa kwa siku moja, na huhitaji kuanza na zote. Mwombe muuzaji akufungulie takwimu za tovuti kwa miezi 12, kurasa zikipangwa kwa idadi ya wageni, na uchukue 50 za juu. Hizo ndizo zinazoleta pesa, na zikiwa bila karatasi, jibu la biashara nzima umeshalipata.

Orodha ya nyimbo usiitoe kwenye kurasa za tovuti. Itoe kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi mafaili ya tovuti. Wimbo uliofutwa kwenye ukurasa mara nyingi faili lake linabaki kwenye folda, na yeyote mwenye anwani yake bado anaupakua. Tovuti iliyojengwa kwa programu ya WordPress huweka mafaili ndani ya wp-content/uploads, yakipangwa kwa mwaka na mwezi. Muuzaji akiingia kwa njia ya terminali, yaani dirisha la kuandika amri, aandike:

find public_html -type f -iname "*.mp3" > orodha.txt

Arudie kwa m4a, wav na mp4, kila mara akibadilisha jina la faili la orodha ili la kwanza lisifutwe. Usishangae ukikuta zaidi ya 640. Orodha hiyo iingie kwenye Excel, na pembeni ya kila faili iwepo safu ya mwimbaji, mtunzi, biti, mwenye rekodi, aina ya ruhusa, tarehe, mwisho wake, kama inahamishika, na jina la karatasi inayothibitisha. Paka kijani palipokamilika, njano panapokosa saini moja, nyekundu pasipo na kitu. Taarifa za ID3 zilizo ndani ya MP3 husaidia kujua prodyuza au lebo, lakini si ushahidi wa haki. Mtu yeyote anaweza kuzibadilisha kwa dakika moja. Bakapu za zamani nazo zihesabiwe.

Kwenye video 85, skrinishoti ya malipo haitoshi hata kidogo. Leseni nyingi za maktaba za malipo ya mwezi hufuata kanuni inayofanana: video iliyochapishwa wakati malipo yakiendelea hubaki halali, iliyochapishwa baada ya malipo kukatika haina leseni, na akaunti yenyewe haihamishiki kwa mtu mwingine. Kwa hiyo unataka vitu vitatu. Kwanza, risiti zote zenye tarehe za kuanza na kukoma. Pili, orodha ya video na tarehe ya kuchapishwa kwa kila moja. Tatu, aina ya mpango aliolipia, kwa sababu mpango wa mtu binafsi kwa kawaida unahusu chaneli zake mwenyewe zilizoandikishwa kwenye akaunti, na biashara hutakiwa mpango mwingine. Panga tarehe hizo upande kwa upande. Video zilizoangukia kwenye miezi ambayo hakulipa, ziondolewe au zibadilishiwe muziki.

Halafu muuzaji aiandikie maktaba barua pepe, akiuliza waziwazi kama video zilizokwisha kuchapishwa zinabaki na leseni tovuti ikiuzwa. Jibu lao uliweke pamoja na mkataba. Tahadhari moja: baada ya kununua, ukiikata upya video ya zamani na kuichapisha tena, hayo ni matumizi mapya, na leseni ya muuzaji haiyagusi.

Muziki wa "bure" nao una masharti. Leseni za Creative Commons (ruhusa za wazi ambazo mtunzi huwapa watu wote) zenye alama ya NC zinakataza matumizi ya kibiashara, na tovuti yenye matangazo ya Google ni vigumu kuitetea kwamba si ya biashara. Zenye ND haziruhusu kazi kubadilishwa, na kuunganisha muziki na picha za video kunahesabiwa kuwa ni kuibadilisha. BY peke yake ni salama mradi mtunzi atajwe, na kiungo cha leseni kiwepo. Ukivunja masharti leseni hukoma, ila uzuri wa toleo la 4.0 ni kwamba ukilirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, haki yako inarudi yenyewe. Leseni hizi ziko wazi kwa kila mtu, hivyo hazihitaji kuhamishwa. Wewe unazipata moja kwa moja ukifuata masharti.

Jingo ina habari njema. Chini ya sheria yetu, kazi iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, kama hakuna mkataba unaosema vingine. Kaka huyo akiwa na risiti ya studio na hakusaini masharti mengine, jingo ni yake, na anaweza kukuhamishia kwa maandishi. Muulize tu kama studio ilichomeka kipande cha wimbo wa mtu au sauti kutoka maktaba. Kama ndiyo, kipande hicho kina mwenyewe, na tunashauri utengeneze jingo nyingine. Gharama yake ni ndogo kuliko kesi.

Kuhusu UPRS, "nimeshalipa" ni neno linaloficha mambo mengi. UPRS ni chama kinachokusanya mirabaha ya muziki kuchezwa au kutangazwa kwa umma. Leseni yake hutolewa kwa mtu au kampuni fulani, kwa matumizi fulani na kwa muda fulani. Mwombe leseni yenyewe, si risiti, na usome mistari mitatu: jina la aliyepewa, matumizi yaliyoandikwa, na tarehe ya mwisho. Ikiwa imeandikwa ya redio ya mtandaoni, hiyo haimaanishi kwamba watu wanaruhusiwa kupakua MP3. Kupiga wimbo hewani na kumpa mtu nakala ni haki mbili tofauti. Na haki ya mwenye rekodi huenda haimo kabisa. Andikia UPRS wewe mwenyewe kabla ya kununua, uwaeleze redio yako itapiga nini na kwa nani, na uombe leseni kwa jina lako kuanzia siku ya kukabidhiwa. Isipokuwa tayari siku hiyo, zima redio hadi itoke. Redio ikizimwa wiki mbili, wasikilizaji watarudi. Deni la mirabaha halifutiki.

Kabla ya bei, chunguza historia ya domeni, kwa maana madhambi ya zamani hubaki nayo. Google huchapisha ripoti ya uwazi ambamo unaweza kuandika jina la tovuti na kuona maombi ya kuondoa kurasa zake kwa sababu ya hakimiliki, tarehe, na nani aliomba. Hifadhi ya Lumen ina barua nyingi za namna hiyo. Wayback Machine itakuonyesha tovuti ilivyokuwa miaka iliyopita. Tazama kama iliwahi kujaa albamu nzimanzima za wasanii wakubwa ambazo sasa zimefichwa. Kisha mwombe muuzaji aingie Search Console (ukurasa wa Google wa kumwonyesha mwenye tovuti hali yake) na kituo cha sera cha AdSense (huduma ya matangazo ya Google) mbele yako, kwa simu ya video. Akikutumia picha badala yake, kataa. Akaunti ya AdSense haiuzwi, utafungua yako, na kama domeni imewekewa kizuizi kwa sababu ya nyimbo za wizi, akaunti yako mpya itakutana na kizuizi hichohicho. Hapo zile 600,000 za mwezi zinakuwa sifuri.

Bei tuipige hesabu. Milioni 22 kwa mapato ya 600,000 ni karibu miezi 37 ya mapato. Hebu tuchukulie ukaguzi unaonyesha kwamba kurasa za rangi nyekundu ndizo zinazoleta 420,000. Utazifuta, kwa hiyo unanunua tovuti ya 180,000 kwa mwezi, na kwa kipimo chake mwenyewe ni kama milioni 6.6. Toa hapo gharama ya kutafuta saini za nyimbo za njano. Mapato yenyewe usiyapokee kwa mdomo. Yaangalie kwenye akaunti yake ya AdSense na kwenye taarifa ya benki. Sisi tungemkabili kwa tarakimu hizo kwanza, kisha tuzungumze kama ndugu.

Namna ya kununua nayo inabadilisha mambo. Kama tovuti ni ya kampuni iliyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, na wewe ukanunua hisa za kampuni, leseni zilizo kwa jina la kampuni kwa kawaida zinabaki, isipokuwa zile zenye kipengele cha kufa kampuni ikibadilisha wenyewe. Ila madeni na kesi za zamani nazo unazirithi. Ukinunua mali peke yake, yaani domeni na faili, madeni ya zamani kwa sehemu kubwa yanabaki kwake, lakini kila leseni inataka kuhamishwa. Kwa tovuti ya ukubwa huu, yenye jumbe za WhatsApp badala ya mikataba, nunua mali, uache kampuni. Hata hivyo, usidhani kununua mali kunakusafisha. Wimbo usio na ruhusa ukiendelea kupakuliwa siku ya kwanza ya umiliki wako, anayekosea siku hiyo ni wewe, na chini ya Sheria ya Hakimiliki ni kosa la jinai, mbali na kesi ya madai ya fidia na amri ya mahakama ya kukusimamisha.

Mkataba uandikwe na wakili anayejua hakimiliki. Uwe na jedwali lile la Excel kama kiambatisho, na kila mstari wa kijani muuzaji authibitishe. Ndani yake kiwemo kipengele cha fidia, kwa mfano:

"Muuzaji atamlipa Mnunuzi hasara yote, pamoja na gharama za wakili, itakayotokana na dai lolote la hakimiliki kuhusu kazi iliyowekwa kwenye tovuti kabla ya tarehe ya kukabidhi."

Kipengele hicho ni maneno matupu kama pesa zote zimeshamfikia na simu haipatikani. Kwa hiyo zuia sehemu ya bei. Asilimia 20 ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili kwa miezi 6 hadi 12, nayo ilipwe kwake dai lisipotokea. Iliyobaki ilipwe baada ya domeni kuwa kwenye akaunti yako, si kabla. Kwa domeni ya .com utahitaji msimbo wa kuhamisha, na msajili anaweza kuifunga siku 60 ikiwa imesajiliwa au imehamishwa karibuni. Uliza hilo mapema. Kama tovuti ina orodha ya barua pepe au namba za simu za wasikilizaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika, hivyo wajulishwe kabla orodha haijakabidhiwa.

Siku ya kukabidhiwa, fanya kazi kwa mpangilio huu: badilisha nywila zote, chukua bakapu kamili uihifadhi nje ya mtandao kama ushahidi wa ulichopokea, futa faili nyekundu kwenye seva yenyewe, safisha kache ya CDN (nakala za muda kwenye seva za kusambazia tovuti) kama ipo, kisha ujaribu kufungua anwani tano za faili zilizofutwa. Zote zikupe ujumbe wa 404, yaani faili halipo. Faili moja likifunguka, kuna nakala mahali, itafute. Mwisho weka ukurasa wenye barua pepe ya malalamiko ya hakimiliki, na uisome kila siku. Seva nyingi ziko Marekani, ambako mwenye wimbo humwandikia mwenye seva moja kwa moja, na mwenye seva asipopata jibu lako haraka anaweza kuizima tovuti nzima kwa wimbo mmoja.

Ujumbe wa kumtumia leo ni huu: "Kaka, ninaitaka tovuti. Naomba orodha ya faili zote za sauti kutoka kwenye seva, takwimu za miezi 12, leseni ya UPRS yenyewe, na risiti za maktaba zenye tarehe. Nipe ndani ya siku 10, kisha tukae na wakili tuzungumze bei." Akikuletea orodha, hata yenye nyekundu nyingi, huyo ni mtu wa kufanya naye biashara. Akisema kuna mteja mwingine analipa kesho, mwache alipwe na huyo.